Baba Bado Hajafika Mwisho

Baba yangu hakuwahi kusema kitu ni kibaya kabla hajakimaliza. Mama alipokuwa bibi harusi, katoka kwao Kitahana juzi tu, aliunguza maharage ya siku ya kwanza. Baba akala. Akala mpaka akakwangua sahani, akanawa, akakaa kidogo, ndipo akasema, "Yameungua." Mama alitusimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara alicheka na kukasirika kwa pamoja. "Si angesema kwenye tonge la kwanza," alisema, "nikampikia mengine?"

Ndivyo alivyokuwa. Mbegu mpya ya maharage ikiletwa, aliipanda kwenye kona ya shamba letu la Titye misimu miwili, ule wa mvua za mwanzo na ule wa mvua za mwisho. Majirani wakimuuliza kama inafaa alijibu, "Bado naisikiliza." Na kwa kuwa alikuwa mjumbe wa baraza la kata, tabia hiyo ilitesa watu wengi. Kwenye baraza lake msemaji hakukatizwa mpaka mwenyewe aseme "nimemaliza" na kupiga makofi mawili mepesi. Nakumbuka kesi ya mbuzi aliyekula kisamvu cha watu. Mlalamikaji alianzia kwa babu yake alivyohamia pale, akapita kwenye ukoo wa mbuzi, na jua lilikuwa linaelekea Burundi tulipofikia kisamvu chenyewe. Wanawake wakijua Baba yupo barazani walikuja na muhogo wa kuchemsha kabisa. Lakini sikumbuki mtu aliyetoka pale akilalamika kwamba hakusikilizwa.

Nayaandika haya kwa sababu juzi, hapa Kibondo ninapoishi, binti yangu aliweka gemu kwenye simu, akaicheza wakati maji ya chai hayajachemka, akasema "mbaya hii," akaifuta. Nikamuuliza amejuaje. Akaniangalia kwa huruma, kama ninavyoangaliwa siku hizi. Mimi nikamkumbuka Baba, na nikamkumbuka kaka yangu, na nikaona afadhali niseme lile ambalo nimelinyamazia tangu miaka ya tisini.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nangoja matokeo, sina kazi ila kuchota maji na kuchambua maharage. Kaka alinizidi miaka sita. Alikuwa Dar es Salaam kwa mjomba, akiuza vitu vidogo vidogo Kariakoo, na ile miaka miwili ambayo hakuwepo nyumba yetu ilipoa. Yeye ndiye aliyekuwa mchekeshaji wetu. Alipoondoka, Mama aliendelea kupakua sahani yake kwa kusahau, kisha akairudisha chunguni bila kusema neno. Mimi nilisahau hata kugombana, maana wa kugombana naye hakuwepo.

Basi akarudi. Alikuja na treni mpaka Kigoma, akapanda gari mpaka Kasulu, akashuka mbele ya nyumba kavaa kofia ya kugeuza nyuma na suruali ambayo wawili wangeingia. Kila kitu kilikuwa "bomba". Mama akamwangalia akasema, "Ego," ndiyo yetu ya Kiha, "umekonda," akaenda kuvua kuku. Hapana, kumkamata kuku. Kuvua ni samaki, na ndivyo alivyonisahihisha kaka mwenyewe siku ile nilipolisema hilo kwa furaha. Kiswahili chetu cha shule kilikuwa hakijakaa vizuri mdomoni.

Siku ya pili ilikuwa Jumapili. Baada ya kanisa na baada ya ugali, kaka alikaa mbele ya Baba kwa adabu, kofia magotini, akaeleza shida yake. Alikuwa na mshikaji wake Dar, mwenye televisheni na mashine ya gemu. Mshikaji huyo alikuwa tayari kuja navyo Kasulu pamoja na jenereta ndogo, wafungue chumba cha vijana kucheza. Kilichotakiwa ni chumba tu. Na sisi tulikuwa na chumba cha mbele, kinachotazama barabara, ambamo Baba aliweka magunia ya maharage na majembe. Kaka alipaswa kumpigia mshikaji simu posta Ijumaa ya wiki ya tatu. Akisema kuna chumba, vitu vinakuja. Akisema hakuna, mshikaji anavipeleka Tabora na kaka anamfuata huko.

Nilikuwa nimekaa mlangoni nikijifanya nachambua maharage. Niliposikia "Tabora" mikono ilisimama.

"Huo mchezo wenyewe ukoje?" Baba akauliza.

Kaka akatoa mfukoni kidude cha plastiki, ukubwa wa nusu mche wa sabuni ya kufulia, chenye kioo kidogo na vitufe. Tulikiita gemu ya matofali. Vijitofali vinashuka kutoka juu, wewe unavigeuza na kuvipanga. Mstari ukijaa unafutika, usipojaa vinapandana mpaka juu na umeshindwa. "Ni kama hii, Baba, ila ile inaonekana kwenye televisheni, na ina michezo mingi."

Baba alikipokea kwa mikono miwili kama yai la kuku wa jirani. Alikitazama mbele na nyuma. "Wazee wa kanisa wataniuliza ni kitu gani nimekiingiza nyumbani," akasema. "Siwezi kuwajibu kwa jambo nisilolijua. Nitaucheza. Nikifika mwisho wake, nitakupa jibu."

Kaka akatabasamu. "Hakuna shida, Baba."

Laiti angesema neno lingine lolote.

Jioni ileile Baba akakaa kibarazani, miwani puani, akaanza. Vidole vyake vilikuwa vya jembe. Akibonyeza kitufe kimoja anabonyeza vitatu. Kidude kikalia ti-ti-ti, vijitofali vikapandana, kioo kikajaa weusi. Baba akakinyanyua. "Umekwisha?"

"Umeshindwa, Baba," nikamwambia.

Akafikiri. "Basi huo ni mwisho wangu. Si mwisho wake." Akaanza upya.

Kesho yake, Jumatatu, alikuja rafiki yake, fundi mwashi wa Kirundi aliyevuka mpaka zamani, enzi za vita vya kwanza vya kwao Burundi, na kuzeekea Kasulu. Yeye na Baba ndio waliochoma matofali ya nyumba yetu kwa mikono yao. Walipigiana makofi ya salamu kwa muda wa kutosha kuivisha uji, kisha fundi akachungulia kidude.

"Yewe! Unajenga?"

"Najenga."

"Hapo, mzee, hapo acha idirisha. Hewa ipite."

Wakacheka mpaka fundi akashika ukuta. Nikawaona wanainuka, wanazunguka nyumba mpaka upande wa chumba cha mbele, Baba akionyesha ukutani kwa kidole. Nilidhani wanakagua ufa. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimetupasulia kuta nyingi.

Ikapita wiki. Kila alasiri Baba akirudi shamba ananawa miguu, anakaa, anacheza. Betri za kaka zikaisha. Baba akachomoa zile ndogo za redio. Mama akapiga kelele, maana redio ndiyo ilituletea matangazo ya vifo. "Watu watakufa hatujui, kisa wewe unajenga nyumba za hewani!" Baba akamjibu kwamba marehemu hana haraka. Betri zilipochoka tulizianika juani juu ya bati pamoja na muhogo, zikapata nguvu ya robo saa, tukazianika tena.

Lakini hakuwa anapiga hatua. Mimi niliyekaa pembeni yake ndiye niliyegundua. Kila alipopanga mstari, aliruka nafasi moja katikati. Mstari wa pili, akaruka palepale. Wa tatu, hivyohivyo.

"Baba, mbona hapo katikati hujazi?"

"Mlango."

"Mlango?"

Akanitazama juu ya miwani. "Watu watapita wapi?"

Mungu anisamehe, nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Wiki nzima alikuwa anajenga nyumba! Alikuwa ameacha milango na madirisha kwa unyofu wote, na paa likamwangukia kila siku, na kila siku akaanza msingi upya bila kulalamika. Nikamweleza kwamba hapa hakuna mlango, unajaza mstari wote ndipo unafutika.

"Unafutika? Na matofali yanakwenda wapi?"

"Hayaendi popote, Baba. Ndiyo ushindi wenyewe."

Akatazama ukuta wa nyumba yetu. Mtu aliyefyatua matofali kwa mikono, akayachoma siku nne mchana na usiku, unamwambia yakikaa vizuri yanapotea. "Haya," akasema mwishowe. "Kila nchi na sheria yake." Tangu hapo akawa anajifunza kwa kasi ya kunitia aibu. Ila kila alasiri, kabla ya kucheza kwa sheria, alijenga kwanza nyumba moja ya mlango, ya heshima, akaiacha imwangukie. Ndipo anakohoa na kuanza kazi.

Zile alasiri ndizo ninazozikumbuka nikisikia neno "nyumbani". Vumbi jekundu, harufu ya mawese yanayochemka jikoni, Mama ananuna kwa ajili ya redio, Baba anasema "geuka, geuka, mtoto wa watu" akiliambia tofali. Na kaka yuko. Anapita na kofia yake akiimba uongo mtupu, ananirushia punje za maharage kichwani. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa nahesabu siku za kufikia Ijumaa ile kwa hofu.

Wiki ya pili ilipoisha, kaka aliniita kisimani. Hakuwa akicheka tena.

"Baba ananikatalia kwa ujanja," akasema. "Hataki kusema hapana, basi anacheza."

"Baba hana ujanja. Anangoja afike mwisho, kama alivyosema."

"Mwisho upi?" Kaka akaweka ndoo chini. "Ile gemu haina mwisho. Unazidi kwenda, inazidi kasi, mpaka ikushinde. Hakuna aliyewahi kuimaliza, maana hakuna cha kumaliza."

Na mimi nikaweka ndoo yangu chini. "Kamwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba nimemletea kesi isiyo na mwisho? Mzee wa baraza? Atakifunga kidude kwenye kitambaa anirudishie, na jibu litakuwa hapana papo hapo. Acha. Huenda akachoka mwenyewe akasema ndiyo."

"Baba hachoki."

"Basi na wewe kaa kimya."

Nikakaa kimya. Hilo ndilo langu katika habari hii, na sitamtwisha kaka peke yake. Nilimjua Baba kuliko kaka alivyomjua, maana miaka ile miwili nilikuwa naye. Nilijua angeukubali ukweli kama alivyokubali kwamba hakuna mlango. Alhamisi ya wiki ya tatu nilikwenda kibarazani nikiwa nimeshapanga maneno. Baba akainua uso, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya mavuno.

"Leo nimekwenda mbali sana," akasema. "Yanashuka kama mvua ya mawe. Naona mwisho umekaribia. Kesho, Mungu akipenda, nitampa kaka yako jibu lake."

Nikasema, "Vizuri, Baba." Nikaenda kuosha vyombo.

Ijumaa asubuhi kaka alisimama mbele ya Baba. "Shikamoo, Baba. Leo ndiyo ile Ijumaa."

"Marahaba. Najua, mwanangu. Sijamaliza. Jana ilinishinda karibu kabisa."

"Hata ukikadiria tu, Baba?"

"Mtu hakadiri. Ungependa mimi nikusikilize wewe nusu, halafu nikuhukumu?"

Kaka alinitazama mimi. Mimi nikatazama ungo. Akavaa kofia yake akashuka posta, na aliporudi alikuwa ameshasema hakuna chumba.

Jumatatu aliondoka. Mama alilia waziwazi. Baba alimsindikiza mpaka kwenye gari, akampa chupa ya asali kutoka kwa wajomba zetu Kibondo na mfuko wa maharage. Kaka alipokea kwa mikono miwili. Kidude alikiacha mezani. "Acha amalize kesi yake," aliniambia mimi, na sauti yake ilikuwa kali. Gari likaondoka na vumbi lake.

Jumatano yule fundi mwashi akaja na nyundo na tindo begani, anahema, anaomba radhi kabla ya salamu. Mvua ilikuwa imemharibia tanuri, ndiyo maana kachelewa. Akaenda moja kwa moja ukutani kwa chumba cha mbele, akaanza kupima kwa kamba.

"Unapima nini, mzee wangu?" nikamuuliza.

"Idirisha. Baba yako kaniagiza idirisha kubwa. Anasema watoto wengi wakijaa humo na gemu yao watataka hewa."

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Fundi akamuuliza, nyundo mkononi, "Vipi, nitoboe?" Baba aligeuka. Alitazama barabara, upande ambao gari liliondokea.

"Toboa," akasema.

Alasiri ile alikaa kibarazani lakini hakucheza. Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimepiga magoti: kwamba haina mwisho, kwamba kaka alijua, kwamba mimi nilijua tangu kisimani. Nilingoja anikemee. Afadhali angenikemea.

"Mngeniambia," akasema. "Shauri lisilo na mwisho nalo lina namna yake ya kuamuliwa. Mashauri ya mipaka ya mashamba karibu yote hayana mwisho, na tunaamua." Kisha akasema, "Kaka yako asijue habari ya dirisha. Atajilaumu, na yuko peke yake ugenini."

Nikaahidi. Kaka aliandika barua, alikuwa mzima, alikuja Kibondo nilipoolewa, akakaa na Baba meza moja, wakacheka, lakini Kasulu hakufika, kila mara alikuwa na safari ya kuwahi. Baba aliendelea kucheza mara mojamoja. Akianza, anajenga nyumba ya mlango. Wajukuu walipomuuliza kama gemu ile ni nzuri, aliwaambia bado anaisikiliza.

Kaka alifika Kasulu tulipomzika Baba. Baada ya watu kupungua aliingia chumba cha mbele kutafuta mahali pa kuweka begi lake, akakaa huko mpaka nikamfuata. Mwanga ulikuwa umelala juu ya magunia. Amesimama mbele ya dirisha, mkono juu ya kizingiti.

"Hili lilitobolewa lini?"

Ahadi yangu ilikuwa kwa Baba, na Baba tulikuwa tumeshamzika. Nikamwambia. Yule fundi, mzee sana sasa, alikuwa amekaa nje chini ya dirisha hilohilo akinywa chai ya msiba, na akasikia kila neno, maana dirisha lilikuwa kubwa kweli.

Kaka akainama nje. "Mzee wangu, Baba alikuagiza siku gani?"

"Siku gani? Jumatatu. Wewe ulikuja Jumamosi, Jumapili mkala, Jumatatu nikaja kumsalimu. Kakishika kile kidude chako, tukacheka, akanileta hapahapa akasema nimtobolee. Ni mvua tu iliyonichelewesha."

Kaka akarudisha kichwa ndani. Niliona anahesabu, kama mimi nilivyokuwa nimehesabu.

"Jumatatu," akasema. "Alikuwa amecheza siku moja."

"Alasiri moja," nikamwambia. "Na hata hiyo, alikuwa anaacha mlango."

Akaketi juu ya gunia la maharage, akavua kofia. Nikaketi naye mpaka Mama alipotuita kula.